Simu ya Mitambo: Amri na Jibu Lake katika Meli Kubwa za Zamani

Walimu wa lugha tumezoea kusema kwamba mazungumzo hayawi mazungumzo mpaka wawepo watu wawili, msemaji na msikilizaji. Aghalabu, hata hivyo, tunapolieleza jambo hili darasani huutilia mkazo upande wa msemaji: matamshi yake, sarufi yake na uteuzi wake wa maneno. Kazi ya msikilizaji twaiacha kando, kana kwamba ni kukaa kimya na kutega sikio. Katika makala haya twataka kuchungua chombo kimoja cha mabaharia kilichobuniwa ili kusimamia mazungumzo ya watu wawili wasioonana, chombo kilichompa msikilizaji kazi iliyo sawa na ya msemaji. Ni ile simu iliyokuwa ikifikisha amri ya nahodha, aliyesimama juu penye upepo, hadi kwa fundi aliyekuwa chini kabisa ya meli, katikati ya joto na kelele za mitambo.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tulitazame jina. Siku hizi mtu akisikia neno simu hufikiri mara moja chombo cha kusemea. Lakini asili ya neno hili ni Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Lilipoingia katika Kiswahili lilikuwa jina la habari ipitayo katika waya, na watu wa Unguja waliizoea habari ya namna hiyo baada ya waya wa chini ya bahari kukiunganisha kisiwa chao na Aden mwaka 1879. Chombo cha kusemea kilikuja baadaye, kikarithi jina lililokuwapo. Kwa hiyo tukikiita chombo cha melini simu ya mitambo, hatulilazimishi neno lifanye kazi isiyo yake. Twalirudisha kwenye maana yake ya kwanza, kwa kuwa chombo hicho kilikuwa waya hasa, waya unaovutwa kwa mkono, usiopitisha umeme wowote.

Neno meli nalo lina historia yake. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua na vifurushi vya posta. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuleta posta Unguja kila mwezi kutoka Aden, na watu wakakiita chombo kwa jina la mzigo wake. Vyombo vya aina hiyo, vilivyokwenda kwa tarehe zilizotangazwa na kuchukua posta na abiria kutoka bara moja hadi jingine, ndivyo tunavyovizungumzia hapa.

Shida iliyokuwapo

Katika jahazi la matanga, nahodha na mabaharia wake walikuwa juu ya sitaha moja. Nahodha aliuona upepo katika tanga, na aliuona mkono wa baharia aliyeshika demani. Akisema legeza, aliiona kamba ikilegezwa. Amri na matokeo yake vyote viwili vilikuwa mbele ya macho yake, na kama baharia amekosea, kosa lilionekana papo hapo na kurekebishwa kwa neno la pili.

Mtambo wa mvuke uliivunja hali hiyo. Nguvu ya kukiendesha chombo ilishushwa tumboni mwa meli, mahali ambapo hapakuwa na dirisha la kutazamia bahari. Tangu siku hiyo aliyeiona njia hakuweza kuugusa mtambo, na aliyeugusa mtambo hakuiona njia. Nahodha alipotaka kusimamisha meli mbele ya gati, hakuwa na budi kumwambia mtu asiyemwona afanye kazi asiyoijua sababu yake, tena kwa wakati uleule hasa. Akichelewa kwa nusu dakika, gati au meli ingevunjika.

Tuitazame meli ya Great Western, iliyotoka Bristol mwaka 1838 na kufika New York baada ya siku 15. Meli hiyo ilikwenda kwa magurudumu mawili makubwa ya kupiga maji, moja kila ubavu. Katika meli za namna hiyo kifuniko cha gurudumu kilikuwa mahali pazuri pa kusimama nahodha, kwa kuwa kiliinuka juu ya sitaha na mtu aliweza kuona mbali. Ili asilazimike kushuka na kupanda kila alipotaka kwenda upande wa pili, iliwekwa njia ya ubao kutoka kifuniko kimoja hadi kingine. Njia hiyo ilikuwa daraja kweli, na jina la daraja limebaki hadi leo kwa mahali pa kuongozea meli, ijapokuwa magurudumu yenyewe yalikwisha kutoweka baharini zamani.

Njia ya kwanza ya kupeleka amri kutoka darajani ilikuwa mdomo. Katika meli ndogo za abiria za mto Thames, nahodha alitoa ishara kwa mkono au alisema neno kwa sauti ya kawaida, na mvulana aliyesimama juu ya tundu la chumba cha mitambo akalipaza neno hilo kwa nguvu zake zote. Mvulana huyo alikuwa mjumbe. Kila ujumbe upitao katika kinywa cha mtu wa tatu huweza kuharibika mara mbili, mara moja katika sikio la mjumbe na mara ya pili katika sikio la mpokeaji. Meli zilipokuwa ndefu zaidi na mitambo ikawa na kishindo kikubwa, sauti ya mvulana haikutosha.

Njia ya pili ilikuwa bomba la kusemea. Mtu alipuliza upande mmoja ili filimbi ilie upande wa pili, kisha akatia kinywa na kusema, na mwenzake akatia sikio na kusikiliza. Bomba liliweza kuchukua maelezo marefu, na kwa kazi hiyo lilidumu miaka mingi. Lakini fundi aliyekuwa akisikiliza bombani hakuwa ameshika mtambo, na neno likimpita halikuacha alama yoyote.

Njia ya tatu ilikuwa kengele. Nahodha alivuta waya na kengele ikalia chini, mara moja, mara mbili au zaidi, kwa hesabu waliyopatana. Hapa ndipo mwalimu wa lugha apaswapo kutua kidogo. Katika meli za mito ya Marekani, mlio uleule mmoja ulipata maana yake kutokana na hali ya mtambo kwa wakati ule. Kama mtambo umesimama, mlio mmoja ulimwambia fundi aanze kwenda mbele. Kama mtambo unakwenda mbele, mlio huohuo ulimwambia asimamishe. Mafundi waliozoea walielewana vizuri kwa lugha hiyo. Hata hivyo, ilikuwa lugha ambayo mlio mmoja ukipotea katika kelele, kila mlio unaoufuata hugeuka maana. Nahodha atadhani amesema simama, na fundi atakuwa amesikia nenda. Wala hakuna mmoja wao ambaye angejua kwamba wamepotezana mpaka meli yenyewe iwaonyeshe.

Jinsi chombo kilivyofanya kazi

Katika miaka ya 1870 William Chadburn wa Liverpool, mtu wa ukoo wa watengenezaji wa vyombo vya kupimia na vya kutazamia, alitengeneza simu ya mitambo iliyoenea katika meli za dunia nzima. Watengenezaji wengine walikuwapo, lakini jina la Chadburn lilitangaa hata mabaharia wengi wakakiita chombo chenyewe kwa jina hilo.

Darajani kilisimama kiguzo cha shaba ya manjano, chenye urefu wa kufika kifuani mwa mtu. Juu yake palikuwa na kichwa cha mviringo, kama saa kubwa iliyowekwa wima, chenye uso uliogawanywa vipande. Katika kila kipande liliandikwa neno moja la amri. Ndani ya kichwa iliwekwa taa, kwanza ya mafuta na baadaye ya umeme, ili maneno yasomeke usiku. Ubavuni ulitokeza mkono wa kushika. Ofisa aliusukuma mkono huo kuelekea omo ya meli akitaka kwenda mbele, na aliuvuta kuelekea shetri akitaka kurudi nyuma. Ulipokuwa wima katikati, amri ilikuwa simama. Hivyo hata katika giza, bila kusoma neno lolote, kiganja cha ofisa kilijua kimeagiza nini.

Mkono huo ulizungusha gurudumu lenye meno lililokuwa ndani ya kichwa. Juu ya meno ya gurudumu ulipita mnyororo, na ncha mbili za mnyororo ziliungwa na waya mbili zilizoshuka ndani ya kiguzo. Kutoka hapo waya zilipita ndani ya mabomba, zikapinda pembeni kwa kupitia magurudumu madogo ya kapi, zikavuka sitaha baada ya sitaha mpaka chumba cha mitambo. Huko zilikutana na mnyororo mwingine na gurudumu jingine, nalo liliuzungusha mshale juu ya uso ulioandikwa maneno yaleyale. Mshale ulipokuwa ukienda, kengele ililia kwa nguvu ili fundi ageuze macho. Ofisa akisogeza mkono wake darajani kutoka simama hadi nusu mbele, mshale wa chini nao ulitoka simama ukatua juu ya nusu mbele.

Mpaka hapa chombo chetu ni kengele iliyoboreshwa tu. Jambo lililokitofautisha na vilivyotangulia ni lile lililofuata. Chini ya uso wa chumba cha mitambo palikuwa na mkono wa pili, mkono wa fundi. Baada ya kuisoma amri, fundi aliusogeza mkono wake mpaka mshale wake ukalingana na neno aliloletewa. Mkono huo ulikuwa na waya zake mbali, zilizorudi juu hadi darajani, na huko ulisogea mshale mwingine ukafuata mkono wa ofisa, na kengele ya darajani ikalia. Ofisa sasa aliona vitu viwili katika uso mmoja: neno alilolituma na neno lililopokewa. Vikilingana, alijua kwamba ameeleweka. Visipolingana, alijua kosa kabla halijawa ajali, akasogeza mkono upya. Na kama mshale wa jibu haukusogea kabisa, kimya hicho nacho kilikuwa habari: waya umekatika, au chini hapana mtu.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Upande wa mbele palikuwa na kasi kamili, nusu, polepole na, katika simu nyingi, polepole kabisa. Upande wa nyuma palikuwa na maneno hayohayo. Zaidi ya hayo palikuwa na simama, kaa tayari, na kazi ya mitambo imekwisha. Kwa maneno kama kumi hivi meli ya abiria elfu mbili iliingizwa bandarini na kutolewa. Kila neno lilikuwa na maana moja, nayo haikutegemea neno lililotangulia. Palikuwapo desturi moja tu ya kuongeza uzito: kukiwa na hatari, ofisa aliusukuma mkono mbele na nyuma mpaka mwisho kabla ya kuutua penye neno alilolitaka, na fundi aliposikia kengele ikilia mfululizo namna ile alijua kwamba jambo ni la kufa na kupona.

Meli zenye rafadha mbili, yaani mapangaboi mawili ya kusukuma maji, kama City of New York ya mwaka 1888, zilihitaji mikono miwili darajani, mmoja kwa kila mtambo, kwani ili kuigeuza meli mahali pembamba mtambo mmoja huweza kwenda mbele na mwenzake nyuma. Simu nyingine za aina hiyohiyo ziliwekwa kwa kuwaamuru watu wa shetri waliofunga na kufungua kamba za gatini.

Chombo hiki kilitaka kutunzwa. Waya hulegea kwa joto na kwa kunyambuliwa siku nyingi, na waya uliolegea huufanya mshale utue baina ya maneno mawili. Kwa hiyo palikuwa na skurubu za kukazia, na palikuwa na desturi ya kuijaribu simu kabla ya kung'oa nanga. Ofisa na fundi walipitia maneno yote, moja baada ya jingine, amri na jibu, na wakalinganisha saa ya darajani na saa ya chumba cha mitambo.

Sababu ya kulinganisha saa ni kwamba kila amri iliandikwa. Chini, mtu mmoja alikaa na daftari akiandika neno na dakika yake: saa ngapi iliamriwa polepole mbele, saa ngapi simama. Juu nako ofisa mdogo aliandika vivyo hivyo. Maneno yaliyopita katika waya hayaachi alama. Kumbukumbu yote ilikuwa katika penseli za watu hawa wawili. Tuliweke akilini jambo hilo, maana tutalirudia.

Lugha nyingi katika meli moja

Faida nyingine ya simu ya mitambo haitajwi sana, nayo yatuhusu sisi walimu wa lugha. Katika meli nyingi za Kiingereza zilizofanya safari za Mashariki, maofisa walikuwa Waingereza na Waskochi, lakini mabaharia na wachochea moto walikuwa watu wa Bara Hindi, wa Aden na wa pwani ya Afrika Mashariki, wakiwemo watu wa Unguja walioitwa Sidi. Hawa walipokea maagizo yao kwa lugha ya mabaharia iliyochanganya Kihindustani, Kiajemi, Kireno na Kiingereza. Neno serahangi, lipatikanalo katika kamusi za Kiswahili kwa maana ya mkubwa wa mabaharia, ni masalio ya lugha hiyo. Mkuu huyo ndiye aliyezigeuza amri za maofisa ziwe maneno ya watu wake.

Katika hali kama hiyo, kila amri ya mdomo ni tafsiri, na kila tafsiri ina hatari yake. Simu haikuondoa tofauti ya lugha, lakini iliipunguzia nafasi ya kuleta madhara, kwa kuwa maana ilikaa katika mahali pa mshale kabla ya kukaa katika herufi. Ukiwa wima ni simama. Ukilala mpaka mwisho wa upande wa mbele ni kasi kamili. Mtu asiyejua kusoma herufi hata moja ya Kiingereza angeweza kutambua kwamba mshale umehama.

Neno lililopotea baharini

Ili tuone jinsi mambo haya yalivyokuwa mazito, tuutazame usiku wa tarehe 14 Aprili 1912. Meli ya Titanic, yenye urefu wa karibu mita 269, ilikuwa ikienda Atlantiki ya Kaskazini kwa mwendo wa kama maili 22 za baharini kwa saa. Ilikuwa na mitambo miwili ya pistoni, na turbini moja ya kuzungusha rafadha ya katikati, ambayo haikuweza kurudi nyuma. Mvuke ulitoka katika boila 29. Saa 5 na dakika 40 za usiku, kwa saa ya melini, mlima wa barafu ulionekana mbele. Aliyekuwa zamu darajani ni ofisa wa kwanza, William Murdoch. Aliamuru usukani uzungushwe, naye akaitumia simu ya mitambo.

Aliagiza neno gani? Hili ndilo swali ambalo wachunguzi waliliuliza mwaka uleule, na halijapata jibu moja mpaka sasa. Ofisa wa nne, Joseph Boxhall, aliyefika darajani mara baada ya mgongano, alisema aliiona simu imeonyesha nyuma kasi kamili. Mtia mafuta mmoja wa chumba cha mitambo, Frederick Scott, alisema kwamba simu nne, mbili za kila siku na mbili za dharura, zililia zote pamoja, na neno lilikuwa simama. Mpeleka makaa Thomas Dillon, aliyekuwapo katika chumba hichohicho, alisema kengele ililia sekunde chache kabla ya mshituko. Mbele zaidi, penye matanuri, mkuu wa zamu ya wachochea moto Frederick Barrett alieleza juu ya chombo kingine kilichopeleka amri kutoka kwa mafundi hadi kwa wachochea moto: taa nyeupe kwa kasi kamili, nyekundu kwa simama. Alisema iliwaka nyekundu, akapiga kelele milango ya hewa ya matanuri ifungwe, na kabla haijafungwa yote maji yakaingia.

Tume ya Uingereza iliyoongozwa na Lord Mersey iliandika katika taarifa yake kwamba Murdoch aliamuru simama, kisha nyuma kasi kamili. Wapo wanaolikubali jambo hilo, na wapo wanaoutilia nguvu ushahidi wa watu wa chini waliolitaja simama peke yake. Shauri hili si la udadisi tu. Kutokana na neno hilo watu wamemhukumu Murdoch kwamba alichagua vizuri au vibaya, kwani rafadha zinaporudishwa nyuma maji yapitayo penye usukani huvurugika, na meli hugeuka kwa uzito zaidi. Heshima ya mtu aliyekufa imening'inia katika neno moja la simu.

Wangeliweza kutueleza wenyewe, lakini Murdoch alikufa, na nahodha Edward Smith alikufa. Mafundi wa mitambo walikufa wote, hakuokoka hata mmoja. Madaftari ya chumba cha mitambo, yaliyoandikwa neno na dakika yake, yalizama pamoja na watu wapatao 1,500. Mabaki ya meli yaligunduliwa tarehe 1 Septemba 1985, na baadhi ya simu zake zimeopolewa katika miaka iliyofuata. Lakini shaba iliyokaa miaka mingi kilindini haiwezi kushuhudia mkono wake ulitua wapi usiku ule. Chombo kilifanya kazi yake: neno lilikwenda na jibu lilirudi. Tusichonacho ni maandishi.

Upo mfano mwingine unaoonyesha mpaka wa uwezo wa chombo hiki. Tarehe 7 Mei 1915 meli ya Lusitania ilipigwa kombora la majini na nyambizi ya Kijerumani karibu na pwani ya Ireland. Nahodha William Turner, ambaye aliokoka, alieleza kwamba aliamuru nyuma kasi kamili ili kuupunguza mwendo wa meli, boti za kuokolea zipate kushushwa kwa usalama. Mitambo haikuitika, kwa kuwa mvuke ulikuwa umekwisha nguvu. Meli iliendelea kusonga mbele huku ikizama, ikatoweka kwa muda wa kama dakika 18, na watu karibu 1,200 wakaangamia. Jibu la simu husema kwamba amri imeeleweka. Halisemi kwamba imetendeka. Mabaharia waliitambua tofauti hiyo, wakatengeneza pia vyombo vya kuonyesha darajani rafadha yenyewe inazunguka upande gani, maana fundi aliyechoka aliweza kujibu nyuma kwa mkono mmoja na kuugeuza mtambo mbele kwa mkono wa pili.

Mambo yalivyo sasa

Katika meli nyingi za leo waya na minyororo imekwisha kuondolewa. Ofisa ausogezapo mkono darajani, umeme hulipeleka agizo moja kwa moja hadi kwenye mtambo, bila ya fundi kuugusa. Hata hivyo mkono umebaki, na maneno yamebaki, na utaratibu wa amri na jibu umebaki kwa ajili ya siku ambapo mitambo huendeshwa kutoka chini. Vilevile funzo la Titanic halikupotea. Mkataba wa mataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotungwa kwanza mwaka 1914 kwa sababu ya msiba ule, umefanyiwa marekebisho mara nyingi, na tangu mwaka 2002 umeanza kuzilazimisha meli za abiria kuwa na chombo cha kutunzia kumbukumbu za safari. Miongoni mwa mambo ambayo chombo hicho huyahifadhi ni amri za mitambo pamoja na majibu yake. Neno la darajani halitegemei tena penseli ya mtu ambaye huenda akazama nalo.

Walimu tulio mbali na bahari huenda tukaulizwa, habari hii yatufaa nini darasani? Wapo wanafunzi wetu wanaoziona meli za maziwa makuu zikiingia bandarini, na kwao haya ni maelezo ya jambo la nyumbani. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni katika ufundishaji wenyewe. Mwalimu amalizapo kueleza, huuliza, "Mmeelewa?" nao darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo ni mlio wa kengele tu. Latuarifu kwamba sauti yetu imefika, lakini halituonyeshi imefika ikiwa neno gani. Jibu la kweli ni lile la mkono wa pili: mwanafunzi aliseme alilolielewa kwa maneno yake mwenyewe, tulilinganishe na tulilolikusudia, na pale yasipolingana tuisogeze mishale upya, bila hasira na bila haraka.

Wazee walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli hiyo haina shaka. Nahodha mmoja naye, asiye na njia ya kujua kama ameeleweka, huweza kukipeleka chombo mwambani kwa amri iliyo sahihi kabisa. Waliotengeneza simu ya mitambo walilifahamu jambo hilo, ndiyo maana kila waya walioushusha chini wakautengea na mwenzake wa kurudi juu.